Namna ya Kukusanya Peni Adimu za Uingereza: Soma Chapa Kabla ya Mwaka

Peni ya zamani ya Uingereza ilikuwa sehemu moja ya 240 za pauni, na peni 12 zilifanya shilingi moja. Februari 15, 1971 nchi hiyo ilihamia mfumo wa desimali, na baada ya mwisho wa Agosti mwaka huohuo peni ya zamani haikuwa tena fedha halali. Nyingi ziliyeyushwa, lakini mamilioni yalibaki katika makopo ya biskuti, droo za jikoni na mifuko ya wauza vitu vya kale, na hadi leo huuzwa kwa kilo kama misumari. Katika kilo moja zinaingia peni zipatazo 106, na takriban zote hazina thamani kubwa kuliko bei ya chakula cha mchana. Mwongozo huu unahusu zile chache ambazo muuzaji mwenyewe hajui kwamba anazo.

Anayeanza kazi hii kwa kawaida hutafuta orodha ya miaka, kisha huanza kuijaza mmoja baada ya mwingine. Njia hiyo si mbaya, lakini humfikisha haraka kwenye ukuta, kwa sababu miaka adimu inajulikana na kila mtu na bei zake zimeshapanda. Peni za 1869, zilizotengenezwa 2,580,480, za 1871, zilizokuwa 1,290,240, na za 1951, ambazo zilikuwa 120,000 tu na nyingi zikapelekwa Bermuda, haziponyoki machoni pa muuzaji hata siku moja. Zinazomponyoka ni zile zenye mwaka wa kawaida kabisa lakini zilizopigwa kwa chapa isiyo ya kawaida, na kuzitambua hakuhitaji fedha nyingi, bali jicho lililozoea.

Kwanza, elewa chapa ni nini

Katika mwongozo huu neno chapa lina maana ya kile kipande cha chuma kigumu kilichochongwa picha kinyume, ambacho hugandamizwa juu ya kisahani cha madini ili kiwe sarafu. Kila peni huhitaji chapa mbili: moja ya upande wa kichwa cha mfalme au malkia, na nyingine ya upande wa Britannia, yule mwanamke aliyeketi akiwa na ngao na mkuki wa meno matatu. Chapa huchoka, hupasuka na kubadilishwa, na kiwanda kinapobadili muundo katikati ya mwaka, chapa za zamani zilizobaki hutumika pamoja na mpya mpaka ziishe. Zaidi ya hayo, katika enzi ya Victoria tarakimu za mwisho za mwaka zilipigwa kwenye chapa kwa mkono, moja moja, kwa nyundo. Fundi aliyechukua tarakimu ya nusu peni badala ya tarakimu ya peni, au aliyeiparamisha tarakimu mpya juu ya ile ya zamani, alituachia kazi ya kuchunguza miaka zaidi ya mia moja baadaye.

Peni za bronzi, yaani shaba iliyotiwa bati na zinki, zilianza mwaka 1860. Kabla ya hapo peni zilikuwa za shaba tupu na nzito zaidi, na ile ya 1797 iliyotengenezwa na Matthew Boulton huko Soho, Birmingham, ilikuwa na uzito wa aunsi nzima. Peni za shaba zina adimu zake, lakini namshauri anayeanza abaki kwenye bronzi kati ya 1860 na 1936, kwa kuwa ni nyingi, ni rahisi, na chapa zake zimeorodheshwa kwa ukamilifu. Aliyeziorodhesha ni Michael Freeman, aliyezipa chapa za upande wa kichwa namba na chapa za upande wa Britannia herufi, ili kila mchanganyiko uandikwe kwa ufupi kama 6+G, kisha akaupa kila mchanganyiko namba yake ya jumla. Wauzaji wote wa Uingereza hutumia namba hizo wakitanguliza herufi F, na hakuna namna ya kufanya biashara hii bila kuzizoea.

Pili, andaa meza

Vifaa ni vichache. Nunua kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara kumi, kwa maana cha mara tano hakitoshi na cha mara ishirini kinaonyesha eneo dogo mno. Nunua mizani ndogo ya vito inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu, na kipimio cha vernia cha kupimia kipenyo. Peni ya bronzi ikiwa mpya ina gramu 9.4 na kipenyo cha milimita 30.8, na peni tatu zilikaribia sana aunsi moja, kiasi kwamba watu walizitumia madukani na majumbani kama mawe ya mizani. Ongeza sumaku ndogo, kitambaa laini na taa inayoweza kuinamishwa. Taa ndiyo kifaa kinachopuuzwa kuliko vyote. Mwanga unaotoka juu moja kwa moja hufuta kila kitu, ilhali mwanga unaotoka pembeni, ukiwa chini karibu usawa wa meza, huinua vivuli vya tarakimu na herufi hata kwenye sarafu iliyolika.

Tatu, tafuta mahali pa kununulia

Ukiwa Uingereza, anzia kwenye masoko ya vitu vya kale na maonyesho ya sarafu ya mwisho wa juma, ambako meza nyingi huwa na sanduku la peni zisizochambuliwa za bei moja. Omba ruhusa kabla ya kuchambua, shika kila sarafu kwa ukingo wake, na usifanye uso wa furaha ukikuta kitu. Mafungu yanayouzwa kwa kilo kwenye intaneti yana kasoro yake, kwani wengi wa wauzaji wameshayapitia na kuondoa miaka adimu, lakini kama nilivyotangulia kusema, kuondoa miaka adimu si sawa na kuondoa chapa adimu. Kwa sarafu ya bei kubwa, nunua kwa mfanyabiashara aliye mwanachama wa chama cha wauza sarafu cha Uingereza, BNTA, au kwenye mnada wenye katalogi yenye picha, na udai risiti inayotaja namba ya F.

Nne, chambua kwa mpangilio

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapokosea kwa kutaka kuangalia kila kitu kwa wakati mmoja. Mimi huzigawa peni kwa mafungu ya wafalme, kisha kwa miaka, halafu naliangalia fungu lote nikitafuta kitu kimoja tu, na nikimaliza narudia tangu mwanzo nikitafuta cha pili. Macho yanayotafuta kitu kimoja hayachoki upesi.

Anza na alama za kiwanda, kwa kuwa ni rahisi. Kazi ilipozidi uwezo wa Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha kifalme kilichokuwa London, sehemu ya peni ilipewa viwanda binafsi vya Birmingham. Kiwanda cha Heaton kiliweka herufi H, na kile cha Kings Norton kikaweka KN. Kwenye peni za Victoria za 1874, 1875, 1876, 1881 na 1882 herufi H iko chini ya mwaka. Kwenye zile za 1912, 1918 na 1919 herufi iko kushoto kwa mwaka, na ni ndogo kiasi cha kupotea kwenye uchafu. Peni za 1918 na 1919 zenye KN ndizo za kutafutwa zaidi kati ya hizo za George V, na mara nyingi zilipigwa hafifu hata zikiwa mpya. Peni ya 1875 yenye H, iliyotengenezwa 752,640, ni adimu kuliko ile ya mwaka huohuo isiyo na herufi. Msomaji wa Afrika Mashariki mwenye zile senti za tundu za mwaka 1936, zenye jina la Mfalme Edward VIII ambaye hakuwahi kuvikwa taji, ataziona H na KN hizohizo, kwa sababu kazi yetu nayo ilipelekwa Birmingham.

Mwaka 1882 unastahili maneno yake peke yake. Mwaka huo kiwanda cha London kilifungwa ili kitiwe mitambo mipya, na peni zikatengenezwa na Heaton, zikiwa na H. Hata hivyo zipo chache mno zisizo na herufi hiyo, na ni miongoni mwa peni za Victoria zinazotamaniwa kupita kiasi. Ukikuta ya 1882 isiyo na H, usishangilie bado: karibu kila mara H imelika, au mtu ameikwangua. Inamisha taa, tazama eneo la chini ya mwaka, na kama kuna mikwaruzo midogo, kishimo au mng'ao usiolingana na sehemu nyingine, basi irudishe kwenye fungu.

Baada ya alama, tazama ukingo. Peni za kwanza za 1860 zina ukingo wa vidoti vya mviringo kama shanga, na baadaye mwaka huohuo vikabadilishwa kuwa meno marefu. Chapa za aina zote mbili zilikutana mashineni, kwa hiyo zipo peni zenye shanga upande mmoja na meno upande wa pili. Kila peni ya 1860 igeuzwe na kutazamwa pande zote mbili, bila kuruka hata moja. Na kama peni ya 1860 ni nzito isivyo kawaida, ikiwa karibu na gramu 19, huenda ni ile ya shaba ya muundo wa zamani, iliyopigwa kwa chapa ya 1859 iliyobadilishwa mwaka, nayo ni mali kubwa.

Kisha tarakimu. Kwenye peni za 1862 tafuta mwaka ulioandikwa kwa tarakimu ndogo za nusu peni. Zinaonekana kama mtoto aliyevaa kanzu ya babake, kwa jinsi nafasi inayozizunguka ilivyo kubwa. Kwenye 1863 tafuta namba ndogo ya chapa iliyopigwa chini ya mwaka, jambo ambalo wakusanyaji wengi hufa bila kuliona. Mwaka 1864 una tarakimu 4 ya aina mbili, moja ikiwa na kijiti cha kukata ncha ya mkono wake na nyingine ikiwa haina. Kwenye 1865 tazama kama nyuma ya 5 kuna mabaki ya 3. Peni ya 1877 yenye tarakimu zilizobanana ni adimu sana, ilhali ile ya 1879 yenye tarakimu zilizobanana ni adimu kwa kiasi ambacho mtu mwenye subira anaweza kuipata. Kuanzia wakati wa Edward VII, tafuta 1903 ambayo tarakimu yake ya 3 imefunguka wazi, na 1909 ambayo tarakimu ya kwanza, ile 1, imesimama sawasawa juu ya jino la ukingo. Hii ya mwisho ndiyo F169, na huhitaji kioo na mkono usiotetemeka, kwani tofauti yake na ya kawaida haifiki nusu milimita.

Peni za Victoria za kati ya 1860 na 1894 zinamwonyesha malkia akiwa na nywele zilizofungwa fundo kisogoni na taji la majani kichwani. Mwaka 1889 majani hayo huwa 15, lakini kuna chapa ya majani 14. Kuhesabu majani kwenye sarafu iliyotembea mifukoni kwa miaka themanini ni mtihani: jani la juu huwa limelika likaungana na nywele, na mara ya kwanza nilipata 14, mara ya pili 16, mara ya tatu 15. Anzia chini penye utepe, weka ncha ya kijiti cha meno hewani juu ya kila jani bila kuigusa sarafu, na uhesabu kwa sauti.

Upande wa Britannia una utajiri wake, na hapa msomaji wa pwani ana faida. Mwaka 1895 picha ilibadilishwa, meli na mnara wa taa vikaondolewa, na chapa ya mwanzo iliacha nafasi ya milimita 2 kati ya herufi P ya neno PENNY na mkuki, wakati ya kawaida ina milimita 1. Mwaka 1897 kuna chapa yenye kidoti kati ya O na N ya neno ONE, nayo ni adimu. Na mwaka 1902 wakusanyaji wa Kiingereza hutofautisha peni kwa usawa wa bahari nyuma ya Britannia: kwenye ya kawaida mstari wa maji unamgusa pale miguu yake inapopishana, na kwenye ile adimu maji yako chini zaidi. Sisi tungesema moja ni ya maji kujaa na nyingine ni ya maji kupwa, na hakuna haja ya kueleza zaidi. Kati ya chapa zote adimu ninazozitaja hapa, hii ya maji kupwa ndiyo anayeanza ana nafasi nzuri ya kuipata kwenye sanduku la kawaida, na inatambulika kwa macho matupu.

Peni za George V zilikuwa na tatizo la kiufundi linaloeleza adimu yake bora. Kichwa cha mfalme kilichochongwa na Bertram Mackennal kilikuwa kikubwa na chenye kina, kikavuta madini mengi upande wake hadi kivuli cha kichwa kikaonekana upande wa pili, kama mzuka nyuma ya Britannia. Kiwanda kilihangaika na kasoro hiyo kwa miaka. Mwaka 1926, katikati ya uzalishaji wa peni 4,498,519, kichwa kilichorekebishwa kilianza kutumika, na kuanzia 1928 kichwa kidogo zaidi kikalimaliza tatizo. Kwa hiyo 1926 ina vichwa viwili, na kile kilichorekebishwa ndicho adimu. Kukitambua, tazama herufi za mchongaji chini ya shingo: kwenye kichwa cha zamani ni B.M. zenye vidoti, na kwenye kipya ni BM bila vidoti, zikiwa zimesogea kulia kuelekea kisogoni. Katika hangaiko hilohilo peni chache za 1922 zilipigwa kwa muundo wa Britannia wa 1927. Hizo ni F192A, na njia salama ya kuitambua ni kuiweka kila peni ya 1922 kando ya ya 1927 na kulinganisha mkuki, ngao na meno ya ukingo sehemu kwa sehemu.

Kuhusu peni ya 1933, ambayo kila mtu huiulizia, nashauri usiitafute. Mwaka huo hakukuwa na haja ya peni mpya, zikapigwa chache kwa ajili ya makumbusho na kuwekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo, na zinazojulikana ni takriban saba. Iliyokuwa chini ya kanisa la St Cross, Middleton, mjini Leeds iliibwa mwaka 1970. Ukiletewa 1933, ni 1935 iliyokwanguliwa tarakimu, au ni nakala ya ukumbusho.

Tano, jilinde na bandia

Peni yenye bei kubwa ipimwe uzito, kipenyo na sumaku kabla ya kulipiwa. Bronzi haivutwi na sumaku. Ikivutwa, ndani yake kuna chuma. Tazama ukingo wa unene wake: peni halisi ni laini kote, na mstari unaouzunguka unaonyesha kwamba sarafu imemiminwa kwenye kalibu badala ya kugandamizwa. Tarakimu iliyochongwa upya au kubandikwa huwa na kona kali kuliko jirani zake, na msingi wake hauungani na uso wa sarafu kwa mteremko uleule. Iwapo sarafu zote za fungu zimelika isipokuwa mwaka wa moja yake, mwaka huo una maelezo yake.

Sita, jifunze madaraja, na usisafishe

Waingereza hupanga hali ya sarafu kwa herufi: F (hapa si ile ya namba za Freeman) ni iliyochakaa lakini inasomeka yote, VF ina uchakavu mdogo, EF ina alama chache tu kwenye sehemu zilizoinuka, na UNC haikuwahi kutumika. Hatua moja ya daraja huweza kuzidisha bei mara kadhaa. Kwa chapa adimu sana, hata F inatosha na mtu hana budi kuridhika.

Kusafisha ni marufuku. Nilipoanza nilifanya kosa ambalo yeyote aliyekulia pwani angelifanya: nilichukua ndimu na majivu, kama tunavyosugua masinia ya shaba kuamkia sikukuu, nikaisugua peni ya 1875 yenye H. Iling'aa. Ile rangi ya kahawia iliyochukua karne nzima kukomaa iliondoka kwa dakika mbili, sarafu ikabaki na wekundu mkavu kama ngozi iliyobanduka, na muuzaji niliyempelekea aliitazama, akanirudishia bila kuuliza bei. Uchafu wa kawaida uondolewe kwa kuiloweka sarafu katika maji yaliyochujwa madini na kuikausha kwa kuigandamiza taratibu ndani ya kitambaa, bila kusugua. Ukiona unga wa kijani unaorudi kila ukiutoa, itenge sarafu hiyo na nyinginezo.

Usichanganye na kusafishwa peni za 1934, ambazo baadhi ziliwekwa rangi nyeusi kiwandani, wala zile za 1944 hadi 1946. Weusi huo ni wa asili yake.

Saba, hifadhi na uandike

Tumia bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi au vibebeo vya plastiki isiyo ya PVC, kwa sababu PVC hutoa ute wa kijani unaoila shaba. Ziweke mahali pakavu. Anayeishi karibu na bahari aweke na pakiti za kunyonya unyevu, na kuzibadilisha kila baada ya miezi michache.

Kila bahasha iandikwe mwaka, namba ya F, daraja kwa maoni yako mwenyewe na si ya muuzaji, uzito, mahali na tarehe ya kununua, na bei. Ongeza neno moja la alama iliyokufanya uiweke, kwa mfano: 1909, F169, VF, gramu 9.31, tarakimu 1 juu ya jino. Piga picha za pande zote mbili kwa mwanga wa pembeni. Peni zilizobaki baada ya uchambuzi usiziuze mara moja. Zifunge, ziweke miezi mitatu, kisha zipitie tena ukianza na miaka ya 1895 hadi 1909, na ndipo uziuze kwa kilo kwa atakayefuata.